Hodhi la Miguu ya Simba

Kama yupo mtu aliyewahi kuingia hoteli ya kifahari kwa uso wa mtu anayepelekwa kung'olewa jino, basi ni Fundi. Mlangoni yeye na mkewe walipokewa na mpokea mizigo, mtu mzima aliyevaa glovu nyeupe. Aliinama kidogo, akanyoosha mkono auchukue mkoba. Fundi akaukumbatia. Yule akauvuta kwa adabu, huyu akaurudisha kwa adabu, wakawa wanavutana juu ya zulia jekundu mbele za watu.

“Si mzito,” alisema Fundi.

“Mwachie mwenzako afanye kazi yake,” mkewe akamwambia. “Kwani una nini humo?”

“Nguo.”

Nguo zilikuwemo, ni kweli. Yalikuwemo mashati mawili, suruali moja, na soksi nene ambayo ndani yake ilikuwa imelala spana. Fundi alikuwa fundi bomba tangu ujana wake, na asubuhi ile, kabla hawajatoka nyumbani, aliapa mbele ya mkewe kwamba habebi kifaa chochote cha kazi. Alipokuwa anaapa, spana ilikuwa imeshazama kwenye soksi.

Hoteli ilikuwa zawadi ya watoto wao. Walichanga, kila mmoja kwa uwezo wake, ili wazee wao waadhimishe miaka ya ndoa yao kwa kulala siku mbili ndani ya jengo ambalo maisha yao yote walilipita kwa nje. “Mkapumzike,” watoto walisema. Neno lilikuwa jema, ila Fundi hakujua linafanywaje. Kwake yeye kupumzika kulikuwa ni kuacha bomba la mtu huyu na kwenda kwenye bomba la mtu yule.

Lakini uso ule haukuletwa na hoteli. Uliletwa na maneno aliyoambiwa ndani ya teksi.

Mkewe alifundisha watoto wa chekechea mpaka akastaafu, na mtaa mzima, mumewe akiwemo, bado ulimwita Mwalimu. Hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. Teksi ilipoingia sehemu kongwe ya mji, barabara zikaanza kubana na majumba kuinamiana, akasema:

“Binti yako anarudi kazini. Mtoto hana wa kumwangalia. Ameomba niende nikakae huko kwao ng'ambo, mwaka mmoja, huenda miwili, na anasema...”

“Sawa,” Fundi alisema.

“Sawa nini?”

“Sawa. Nimesikia.”

Mwalimu akamgeukia. “Nimemwambia nitamjibu Jumapili.”

Hapo mume mwenye akili timamu angemshika mkewe mkono. Na Fundi alitaka. Alitaka kumwambia usiende, nyumba ile bila wewe mimi naiogopa, sijawahi kufungua mlango jioni nikakuta giza. Lakini mdomo ukatafuta pengine pa kutokea. “Dereva,” akasema, “radieta ya hii gari inavuja.” Dereva akakubali kwamba ni kweli, mzee, inavuja tangu wiki iliyopita, na mazungumzo yakahamia huko mpaka mlangoni pa hoteli. Mwalimu alikuwa anatazama nje.

Jengo lilianza kama nyumba ya tajiri mmoja, likawa ofisi ya serikali, likawa ghala, kisha likawa hoteli. Yote hayo walisimuliwa na dada wa mapokezi hata kabla hajawapa ufunguo. Ngazi zilikuwa za mbao, pana, zimelika katikati kwa miguu ya waliotangulia. Chumba chao kilikuwa ghorofa ya pili, upande wa barabarani. Kuta zilikuwa nene kiasi kwamba mtu angeweza kukaa dirishani na kukunja miguu. Kitanda kilikuwa kirefu kwenda juu mpaka kikawekewa kigoda cha kupandia, na juu yake mito ilikuwa mingi kuliko vichwa vya ukoo mzima.

Kisha Mwalimu akafungua mlango wa bafu, akasimama hapo hapo asiseme neno.

Ndani lilikuwepo hodhi la kuogea, jeupe, refu, limesimama juu ya miguu minne ya chuma iliyochongwa kama ya simba. Koki zake zilikuwa za shaba, zimesuguliwa mpaka unajiona. Fundi alichungulia juu ya bega la mkewe, na alijua vizuri kwa nini mkewe amenyamaza.

Walipooana, alimwahidi hodhi la kuogea. Alisema mke wa fundi bomba hawezi kuoga kwa ndoo na kopo kama watu wengine, itakuwa aibu. Na hodhi alilipata kweli, kwenye nyumba moja iliyokuwa inabomolewa, akalileta kwa mkokoteni mtaa mzima ukishuhudia. Akaliweka nyuma ya nyumba, alifunge wiki ijayo. Wiki ijayo ile haikufika. Hodhi lilijaa koki mbovu na vipande vya mabomba, kuku wakapata mahali pa kutagia, na Mwalimu akalea watoto wote kwa ndoo na kopo. Mganga hajigangi, watu husema, na katika mtaa wao walipolisema hilo walitazama nyumba ya Fundi.

Mwalimu alifungua koki anawe mikono. Alipoifunga, ukuta ukajibu: ko, ko, ko.

Fundi akainua kichwa.

“Usithubutu,” alisema Mwalimu.

“Sijasema kitu.”

“Nakuona masikio.”

*

Jumamosi asubuhi walikunywa chai uani, pembeni ya chemchemi ya kujengwa iliyorusha maji juu na kuyapokea tena. Mwalimu alivuta kiti chake karibu. “Sasa tukae tuzungumze,” alisema. Fundi akasema ndiyo, tuzungumze, ila kwanza aangalie yale maji yanarudi kwa njia gani, maana hakuona bomba la kurudishia. Aliporudi, magoti yamelowa, chai yake ilikuwa imepoa na mkewe amesimama.

“Twende tukatembee,” alisema Mwalimu. “Labda wewe unaongea ukiwa unatembea.”

Wakatoka. Vichochoro vilikuwa vyembamba, kivuli upande mmoja na jua upande mwingine. Cherehani zililia nyuma ya milango iliyoachwa wazi, nguo zilianikwa juu kutoka dirisha hadi dirisha, mtu akapita na baiskeli akipiga kengele ingawa hapakuwa na wa kumpisha. Mwalimu alitembea pole pole, akigusa mbao za milango ya zamani. Fundi alikuwa mbele yake, shingo juu, akikagua mifereji ya mvua na mabomba yaliyoteremka ukutani. Kila baada ya hatua chache alitikisa kichwa kwa masikitiko. Watu walimpisha wakidhani amefiwa.

Mwalimu akaketi kwenye ngazi ya duka lililofungwa. Ilibidi Fundi arudi.

“Nikienda,” Mwalimu alisema, “wewe utakuwa unakula nini?”

Swali lilikuwa mlango, na mlango wenyewe ulikuwa wazi kabisa. Hata msomaji aliye mbali anauona. Mwanamke aliyeketi juani mbele ya duka lililofungwa haulizi habari za chakula. Fundi naye aliuona. Akafungua mdomo.

“Nitakula tu,” akasema. “Kwani mimi mtoto?”

Mwalimu akainuka, akajipangusa vumbi nyuma ya gauni, wakarudi hotelini. Njia nzima Fundi alijitukana kimyakimya, na kujitukana huko hakukumpa usemi.

Baada ya chakula cha mchana na usingizi mfupi ambao yeye hakuupata, mkewe alitoa kwenye kabati joho jeupe la hoteli, akalikung'uta.

“Leo naoga,” alisema. “Nataka nilale humo mpaka vidole viote makunyanzi. Wewe kaa hapo dirishani. Nikitoka tutazungumza, na safari hii utanijibu kama mtu mzima. Umenisikia?”

“Nimekusikia.”

“Hiyo si sawa nyingine?”

“Nimekusikia, Mwalimu.”

Mlango wa bafu ukafungwa. Fundi aliketi dirishani kama alivyoagizwa. Alisikia maji yakifunguliwa, yakijaza lile hodhi kwa mngurumo mzuri, maji mengi, yenye nguvu. Kisha koki ikafungwa na ukuta ukagonga, ko, ko, ko, ukutani kabisa, nyuma ya kichwa chake. Akasimama, akakaa. Akahamia kitini, akarudi dirishani. Chumba cha juu mtu akafungua maji na kuyafunga, ukuta ukagonga tena.

Amwambie mkewe maneno gani akitoka? Aliyapanga. Usiende. Hapana, hilo ni amri. Ningeomba usiende. Hilo ni la ofisini. Kila alipokaribia kulipata neno, bomba lilimkatiza. Na hapo ndipo wazo lilipomjia, na lilimjia limevaa nguo za mapenzi: mtu atazungumzaje na mkewe mambo mazito huku ukuta unagonga? Alitulize kwanza lile bomba. Mwalimu akitoka akute kimya, aketi, waongee. Itakuwa ni zawadi.

Akaichomoa spana kwenye soksi.

“Nanyoosha miguu kidogo,” alisema kwenye mlango wa bafu. Ndani maji yalisogea.

*

Nyuma ya jiko la hoteli ziliteremka ngazi za mawe hadi kwenye chumba cha mitambo. Humo alimkuta mtu mnene ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anasikiliza redio. Wote hotelini walimwita Injinia, na mwenyewe alikuwa wa kwanza kusema kwamba uinjinia wake ni wa kupewa na wapishi.

“Habari za kazi,” alisema Fundi.

“Nzuri, mzee. Umepotea? Uani ni upande ule.”

“Sijapotea. Ghorofa ya pili, upande wa barabarani, bomba linagonga.”

Injinia akaitazama spana, akaitazama mikono iliyoishika, akazima redio. Mafundi hutambuana kwa mikono. “Hilo?” akasema. “Hilo achana nalo. Limewashinda watatu kabla yangu.”

Kumwambia Fundi kwamba bomba limewashinda watatu ni kumwonyesha paka mkia wa panya. Baada ya muda mfupi tu wote wawili walikuwa wamepiga magoti kwenye kona, tochi mdomoni, wakifuatisha mabomba ya zamani yaliyoungwa kwa mapya na mapya yaliyoungwa kwa mpira. Fundi alitia sikio hapa, akabisha pale. Mwishowe akafika kwenye valvu moja kubwa, nzito, ya zamani, akaishika kiunoni, akahisi inatetemeka.

“Washa yake, ule mpira wa ndani, imekwisha,” alisema. “Inacheza humu ndani, ndiyo inayogonga.”

“Huenda. Ila kuifungua ni lazima tufunge maji ya upande wote ule.” Injinia alijikuna kidevu. “Kuna mgeni anayeoga saa hizi?”

“Saa hizi?” alisema Fundi, spana ikiwa imeshaikamata nati. “Nani anaoga saa kumi jioni?”

Hakudanganya. Hilo ndilo baya lenyewe. Alikuwa amesahau kabisa. Spana ikishaingia mkononi mwake, dunia nzima hufungwa kama koki na hubaki lile bomba moja lililo mbele yake. Alifunga maji, kwa sababu kanuni ya kwanza ya kazi yake ni kufunga maji, na akaanza kazi. Alikata washa mpya kutoka kwenye mpira wa baiskeli, akaipima kwa jicho, akaikata tena. Injinia alimwangazia tochi na kumsimulia vituko vya wageni. Fundi alicheka. Tangu ile teksi, ilikuwa mara ya kwanza moyo wake kutulia, na kwa kweli alikuwa na furaha.

Ilichukua muda, maana nati za zamani zina kiburi. Walipofungua maji walisimama kusikiliza. Injinia alipanda juu, akafungua koki ya jikoni, akaifunga. Kimya. Akateremka akampa Fundi mkono kwa mikono yote miwili.

Fundi alipanda zile ngazi za mbao kama bwana harusi. Ni pale aliposhika kitasa cha mlango wa chumba ndipo alipokumbuka, na mkono ukabaki kwenye kitasa.

*

Mwalimu alikuwa ameketi ukingoni mwa hodhi, amevaa joho. Hodhi lilikuwa tupu. Kichwa chake kilikuwa kimejaa povu lililokauka likawa jeupe, na jicho moja lilikuwa jekundu. Sakafuni ilikuwepo chupa ya maji ya kunywa, imemalizika.

“Niliyamwaga yale ya kwanza,” alisema, sauti ya kawaida kabisa, “nijaze mengine ya kusuuzia. Nikajipaka sabuni. Nikafungua koki.”

Fundi aliitazama ile koki.

“Nikapiga simu mapokezi. Wakasema samahani sana mama, kuna fundi anatengeneza. Nikauliza, fundi wenu? Wakasema hapana, ni mgeni mmoja mzee amejitolea, tena amewasaidia sana.” Alijifuta jicho kwa ncha ya joho. “Nilijua kabla sijauliza. Maji yalipokatika tu, nikajua ni wewe.”

“Mwalimu...”

“Nijibu kitu kimoja. Ulifunga maji ukijua niko humu?”

Angeweza kusema chochote. Angeweza kusema ni Injinia. “Nilisahau,” alisema.

“Ulisahau.”

“Nilisahau kama uko humu.”

Mwalimu akatikisa kichwa pole pole, na povu kavu likamdondokea begani. “Mama yangu alipofariki,” alisema, “wanawake wa mtaa mzima walikaa na mimi chini. Nikauliza mume wangu yuko wapi. Wakaniambia anazibua mtaro. Watu wakakusifu, maji machafu yalikuwa yamejaa uani na wageni wangepita wapi? Nikakusifu na mimi. Lakini nilikutaka wewe, baba watoto. Mtaro ungengoja.”

Fundi alisimama na spana yake mkononi, na aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu azaliwe.

“Sioni kwa nini ningoje Jumapili,” Mwalimu alisema. “Nipe simu.”

“Ngoja nikusuuze kwanza,” Fundi alisema. “Usimpigie mtoto na sabuni kichwani.”

Akafungua koki. Yakatoka maji mekundu ya kutu, mazito, maana mabomba ya zamani ukiyasumbua hutapika yote yaliyomo. Aliyaacha yatoke. Hayakutakata. Akatafuta ndoo chumba kizima, na hoteli ile yenye mito ya ukoo mzima haikuwa na ndoo. Mwishowe akakamata kile chombo cha fedha cha kuwekea barafu, chenye masikio mawili, akatoka nacho.

Jikoni wapishi walimjazia maji ya moto kutoka kwenye sufuria. Akapita nayo ukumbini, katikati ya wageni waliovaa vizuri, akinyata yasimwagike. Mpokea mizigo mwenye glovu akamkimbilia, akanyoosha mkono.

“Si mazito,” alisema Fundi.

Alikwenda na kurudi mpaka akapoteza hesabu. Mwalimu alipiga magoti, akainamisha kichwa juu ya hodhi, na Fundi, mikono ya shati imekunjwa, akammiminia maji kwa kikombe cha chai. Mkono mmoja ulimimina, wa pili ulipitisha vidole katikati ya nywele, nywele ambazo zilikuwa zimeota mvi nyingi kuliko alivyodhani. Hakuwahi kumwosha mtu kichwa. Mikono yake yote ilikuwa na kazi na hapakuwa na mahali pa kukimbilia, na labda ndiyo maana maneno yalipata njia.

“Usiende,” alisema.

Mwalimu hakuinua kichwa. “Umesema?”

“Usiende. Naogopa kubaki peke yangu mle ndani. Nilitaka kukuambia kwenye teksi.”

“Kwenye teksi ulisema sawa.”

“Mdomo ndio uliosema.”

Maji yaliteremka, meupe kwa povu, yakaingia kwenye tundu. Kikombe kikaisha, kingine kikaanza.

“Binti hakuniita mimi peke yangu,” alisema mwishowe. “Ametuita wote wawili. Chumba ameshakiandaa.”

Kikombe kikasimama hewani. “Mbona hukuniambia?”

“Nilikuwa nakuambia. Sijamaliza, ukasema sawa, ukahamia kwenye radieta.” Alikamua nywele kwa mkono. “Baadaye nikaona heri. Maana nilishajua utasema nini. Wateja wangu, mtaa wangu, mabomba ya watu. Na wewe huko utafanya nini, nyumba mpya, kila kitu kizima? Utazunguka humo kama nzi kwenye chupa. Utamtia mtoto wa watu wazimu, mkwe wako.”

“Naweza kukaa.”

“Wewe?”

“Naweza.”

“Utajuaje?”

“Sijui,” alisema Fundi. “Na nikirudi lile hodhi lako la nyuma ya nyumba...”

“Usiniahidi. Lile tuwaachie kuku.” Mwalimu aliinuka, akajifunga taulo, akamtazama kwa lile jicho moja jekundu. “Kesho asubuhi nitaoga tena, kwa maji mengi. Wewe utakaa humu humu, juu ya kigoda. Sitaki useme kitu, sitaki ushike kitu. Ukae tu na mimi. Ukiweza, tutaona. Ukishindwa, naenda peke yangu, na sitakuwa na kinyongo.”

*

Jumapili maji yalikuwa yametakata. Mwalimu alijaza hodhi mpaka juu, akaingia, akafumba macho. Maji yaliyovuliwa nguo tangu siku nyingi sasa yakaogwa. Kabla ya hapo alikuwa amenyoosha mkono, akasema, “Lete,” na Fundi akaitoa spana akampa. Mwalimu aliiweka ukingoni, pembeni ya sabuni, mahali inapoonekana.

Fundi aliketi juu ya kile kigoda cha kupandia kitandani. Kilikuwa kifupi, magoti yakamfika kifuani. Mwanzo ilikuwa rahisi. Alihesabu vigae, akaacha. Alitazama miguu ya simba. Jua liliingia kwa dirisha dogo la juu, kwenye kichochoro cherehani ya jirani ikaanza kulia.

Ilikuwa siku ya wageni kuondoka, na hoteli nzima ilianza kuoga kwa mkupuo. Koki zikafunguliwa juu na chini. Ya kwanza ikafungwa.

Ko, ko, ko.

Fundi aliganda. Ikafungwa ya pili. Ko, ko, ko, ko. Ni kule kule ukutani, tena kwa nguvu kuliko juzi. Haikuwa ile valvu. Ile valvu ilikuwa inatetemeshwa tu, na ugonjwa wenyewe ulikuwa kwingine: huenda kwenye kona ya ghorofa ya kwanza, huenda kuna mahali bomba limeachwa halikushikizwa ukutani, ni kazi ndogo tu, kulifikia ni kung'oa ubao mmoja. Alilijua sasa. Alilijua kabisa. Jasho lilimtoka usoni.

Chumbani simu yake ikaita. Jumapili asubuhi hapigi mtu ila aliyepasukiwa na bomba. Iliita mpaka ikachoka, ikapumua, ikaita tena. Spana ilikuwa pale pale pembeni ya sabuni, umbali wa mkono tu. Mikono ya Fundi ilianza kuondoka magotini yenyewe. Akaitia chini ya mapaja, akaikalia.

Alimtazama mkewe. Uso wake ulikuwa umelegea, maji yanamfika kidevuni, vidole vya miguu vinachungulia upande wa pili. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alimtazama hivi, bila haraka, bila kitu cha kutengeneza. Alikuwa mzuri. Alitaka kumwambia, ila alikatazwa kusema.

Ko, ko, ko.

“Unasikia?” Mwalimu aliuliza, macho yamefumbwa.

“Nini?”

“Hapo ukutani.”

Fundi aliikalia mikono kwa nguvu zaidi. “Sisikii kitu,” alisema.

Mwalimu alifumbua jicho moja, lile lililokuwa jekundu jana. Aliona mikono iliyokaliwa, aliona jasho. “Muongo mkubwa,” alisema, akaanza kucheka, akacheka mpaka maji yakamwagika sakafuni na kulowesha miguu ya simba na viatu vya mumewe. Fundi hakusogeza viatu.

“Nipe simu yangu,” alisema. “Kisha urudi ukae.”

Akampa, akarudi akakaa. Mwalimu alijifuta mkono mmoja kwa taulo, akabonyeza, akasubiri. Sauti ya binti yao ilisikika kwa mbali ikimwamkia, kisha ikiuliza jibu ni lipi.

“Tumeamka salama, mwanangu,” alisema Mwalimu. “Sikiliza. Mwambie mumeo akague mabomba yote ya hapo nyumbani kwenu. Jikoni, bafuni, nje, kote. Linalovuja na linalogonga alitafutie fundi, litengenezwe kabla mimi na baba yako hatujafika.”

Ukuta ukagonga. Fundi alikuwa bado ameikalia mikono yake.